Salamu Tulizozikata

Shangazi yangu hana mchezo. Ukipita mbele ya kiduka chake mtaani Kanamkemer, hapa Lodwar, anakouza tumbaku na majani ya chai, ukamtupia "habari" moja huku miguu inaendelea, atakuita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Utarudi, utasimama, utaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, mbuzi wameamkaje. Mimi sina mbuzi. Niliwahi kumwambia hivyo. Akasema, "Basi jibia wale ungekuwa nao."

Kwa hiyo tulipoamua, mimi na mwenzangu, kutengeneza filamu kuhusu mwaka wa njaa ambao watu wetu walitembea hadi kambi ya chakula kando ya ziwa, sikuhangaika kutafuta msimulizi. Shangazi alitembea safari ile akiwa msichana. Mwenzangu ni Mkongomani aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ndiye mhariri, na ni mpole kuliko mimi, ingawa hilo si jambo gumu. Kampuni hatuna. Tuna kamera moja, maikrofoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kompyuta inayojizima jua la Lodwar likikolea. Tunaifunika kitambaa kibichi, tunaomba Mungu.

Siku ya kurekodi, Shangazi alikaa na shanga zake zote shingoni, akaitazama kamera. "Ejok?" akasema, salamu yetu Waturkana, akanyamaza. Nikamwambia aendelee.

"Ngoja, hawajajibu."

"Kina nani?"

"Hao watu wako watakaonitazama."

Akawangoja. Akawauliza hali ya watoto, ya wazee, ya mvua, ya malisho, na baada ya kila swali alitikisa kichwa kwa adabu, eti habari amezipokea na ni njema. Betri ilituishia kwenye ngamia.

"Dada," mwenzangu akaninong'oneza, "huyu mama, batu batamukimbia."

Basi tulipohariri, salamu zote tukakata. Filamu ilikuwa ya kuonyeshwa Kakuma kwenye maonyesho ya historia, na waandaaji walitaka kitu kifupi. Yetu ikaanza na Shangazi akisema, "Tulikuwa tunakula ngozi." Jamani, huo ni mwanzo! Nilijipongeza mwenyewe. Na kipande nilichokipenda kuliko vyote ni pale alipofika mbele ya foleni ya chakula, akamsalimu karani. Karani hakuinua macho. "Jina?" Akamsalimu tena. "Jina?" Shangazi anasema, "Njaa niliiona njia nzima, lakini hapo mezani ndipo nilipojua nimekuwa maskini." Hapo nikatia fidla. Nililia kila nilipokitazama, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Tulikuwa tumemwahidi kwamba bila ruhusa yake hakuna mtu atakayeiona. Tukampelekea kompyuta nyumbani, tukaiweka juu ya ndoo. "Tulikuwa tunakula ngozi," akasema Shangazi wa kwenye skrini. Shangazi wa kwenye kigoda akainua mkono.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Nimeingilia wapi hapa?"

"Hapo ndipo filamu inapoanza, Shangazi."

"Yaani naingia kwa watu huko Kakuma, sijasalimia hata mtoto, nawaambia mambo ya ngozi? Mimi ni kichaa?"

Nikamwambia hii ni filamu, si ziara. Nikamwambia watu wa siku hizi hawana muda.

"Hata yule karani hakuwa na muda," akasema.

Mwenzangu akaanza kufuta miwani yake, iliyokuwa safi. Shangazi akasimama. "Futa. Yote. Sitaki." Akarudi dukani, na siku hiyo aliuza tumbaku kwa kelele.

Nilinuna. Nikasema nitapiga filamu za mawe, mawe hayana adabu za kudai. Mwenzangu ndiye aliyerudi na wazo. "Dada, tumuache angoje. Batu bajibu."

Ndivyo tulivyofanya. Waandaaji wakatuazima skrini ya kugusa, tukaiweka kwenye kibanda kilicho wazi mbele. Shangazi anakusalimu, anangoja, na maikrofoni isiposikia sauti yako haendelei. Ukigusa ili umruke upate historia haraka, anakukemea. Alikubali aliposikia hilo la kukemea. Aliturekodia makaripio mengi kuliko tuliyoyahitaji, na mengine hayafai kutoka nje ya Kanamkemer.

Kakuma, foleni ilizunguka ukumbi. Vijana walikuwa wanagusa makusudi. "Wasee, nimewakiwa na shosho!" wanatoka wakicheka, wanarudi nyuma ya foleni wakakemewe tena. Mchungaji mmoja alimjibu kwa sala nzima. Ila historia hawafiki! Nilikuwa natafuna kucha kwa hasira. Watu walikula ngozi, na hawa wanataka kukaripiwa tu.

Ndipo Shangazi akaingia, amevaa rasmi. Wakampisha. Akaketi mbele ya uso wake mwenyewe.

"Ejok?" ikasema skrini.

"Ejok noi," akajibu, polepole.

Akajibia watoto. Akajibia wazee. Kuhusu mvua alidanganya. Kuhusu ngamia akasema, "Wamekufa wote," na yule wa kwenye skrini akatikisa kichwa kwa furaha. Ukumbi ukaangua kicheko, na yeye akacheka zaidi ya wote, hadi akajifuta machozi kwa ncha ya shuka, na akaendelea kuyafuta kicheko kilipokwisha.

Skrini ikamwalika aguse asikie habari za njaa. Hakugusa. Akasimama. Nikamkimbilia.

"Shangazi, historia yenyewe bado!"

"Hiyo naijua. Nilitaka kuona yule msichana wa foleni ya chakula akijibiwa."

Kisha akamgeukia mwanamke aliyefuata kwenye foleni, Mrundi mwenye mtoto mgongoni. "Ejok?" akamwambia, akangoja, na foleni nzima ikangoja naye.