Sikuwa nimemwita Okoth

Jamani, wamama wenzangu, leo kijana wangu ameitwa kwa jina, lakini mimi sikuwa nimemwita.

Nilikuwa jikoni nachambua omena, vile visamaki vya ziwani. Okoth akaingia.
"Mama, umeniita?"
"Sijakuita."
Akarudi kufunga mabegi. Kesho anahamia Isebania kufungua duka.

Sufuria ya omena haijachemka, huyo tena.
"Mama, si uliniita? Ilikuwa sauti yako kabisa."

Hapo nikaogopa. Huku kwetu tumelelewa hivi: ukisikia jina lako na humwoni anayeita, nyamaza. Usiitike kamwe, huenda si mtu.

Lakini mimi ni mtu wa kanisa. Kisa cha Samweli nakijua, mtoto ambaye mamake alimtoa kwa Mungu, halafu Mungu mwenyewe akamwita kwa jina.

Na kuna kitu hata baba yake Okoth sikumwambia. Mwaka wa ile mvua ya El Nino, tukiwa Karungu, mtoto akiwa mchanga, alishikwa na degedege. Barabara ya kwenda hospitali imekatika. Nikampakata, nikasema moyoni tu: Bwana, akipona, huyu ni wako.

Akapona. Nami nikanyamaza tangu siku hiyo.

Mara ya tatu alisimama tu mlangoni.
Nikamwambia, "Nyathina, mwanangu, si mimi ninayekuita. Ukisikia tena, itika."

Akatoka nje, akarudisha mlango.
Nikamsikia akisema, "Naam."

Mngekuwa nyinyi, mngemwambia aitike? Niambieni haraka. Omena imeungua, nje kumekuwa kimya, na mimi nimeshindwa kufungua huo mlango.