Kitufe cha "Baadaye"

Mama Chapa aliwapigia chapa majirani barua na wosia, na mdomo wake ulikuwa kaburi. Kompyuta ilipomtaka aweke mfumo mpya, alisoma masharti yote: mfumo ungesoma kila anachoandika na alichowahi kuandika, eti "kumsaidia."

"Nani kakuomba msaada, mbea we!" alifoka, akabonyeza "Baadaye." Miezi saba akawa anabonyeza hivyo hivyo.

Jumatatu hakukiona kitufe. Mfumo ulikuwa umejiweka wenyewe.

Asubuhi hiyo jirani yake akaja, akaketi ubavuni pake. "Dada, niandikie wosia. Baba watoto asijue."

Mama Chapa akaanza: "Nyumba ya kona..." Kompyuta ikadakia, ikamalizia kwa maneno ambayo mume wa jirani aliandikiwa hapo hapo mwaka jana: "...namwachia bi mdogo."

Jirani akavaa miwani.

"Bi mdogo gani?"