Gari Lililoshukia Mahali pa Ng'ombe

Ninaikumbuka siku moja ya mawingu, mwanangu, gari letu lilipofika nyumbani likiwa limepanda gari jingine. Juzi ulinipigia simu ukaniambia umenunua gari Mombasa na unatafuta mtu wa kukuletea mpaka huku kwetu Sotik, ukaongea mbio kama kawaida yako, na simu ikakatika kabla sijasema langu. Nilikasirika kidogo, sikufichi. Lakini sasa umekuja, chai iko mbele yako, na mvua hiyo haitakuruhusu kutoka. Utanisikiliza shangazi yako mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ya tisini, wewe hujazaliwa. Dada yako Chebet, binti yangu huyu unayemwona leo akifanya kazi Kabianga na kumkaripia kila mtu, alikuwa msichana mdogo asiyeweza kutembea. Homa kali ilimshika akiwa mchanga ikamwacha na miguu milegevu. Daktari alituambia mtoto huyu afanyishwe mazoezi hospitalini kila wiki bila kukosa, na kwamba miguu itapata nguvu. Ni mimi niliyembeba mgongoni kupanda kilima mpaka lami. Alipokuwa mdogo ilikuwa kazi rahisi. Kisha akakua, mvua ikawa inatukuta njiani kila alasiri, na siku zikaanza kutupita bila kwenda. Kila tulipokosa, miguu ilirudi nyuma. Niliiona kwa macho yangu nikimwogesha, na nilikuwa nalia jikoni ili baba yake asinione.

Mjomba wako Joel, mume wangu, Mungu amweke pema, ndiye aliyesema tununue gari. Majirani walicheka. Joel hakujua hata kuendesha! Lakini tuliuza tulichoweza kuuza, na hapo sitakuhesabia, na ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi Mombasa akatutafutia gari dogo lililotoka kwa meli, kuukuu lakini zima. Likabaki swali lako hilohilo. Gari liko pwani, sisi tuko kwenye majani chai. Litafikaje?

Tungeweza kumtafuta dereva wa kuliendesha. Siku hizo lakini barabara ilikuwa imeliwa na mashimo, na tulikuwa tumesikia habari za magari yaliyotoka Mombasa na betri mpya yakafika na betri ya zamani, au yakafika bila gurudumu la spea, na dereva anaapa kwa Mungu kwamba lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Joel hakulala kwa mawazo hayo. Ndipo tukamkumbuka Kamau.

Kamau alikuwa mwenye lori pale Kericho, mtu ambaye wazazi wake walihamia kutoka upande wa Nyeri, na yeye amekulia kwetu mpaka anatania kwa Kipsigis. Kazi yake ilikuwa kupeleka chai Mombasa. Alishuka na mzigo wa chai, na kupanda alirudi na chochote atakachopata, au alirudi mtupu. Alikubali kutuletea gari juu ya lori lake. Alituuliza maswali mazuri, naye akatuambia kwamba kule kwenye maghala kuna jukwaa la kupakilia, gari litaingia lenyewe, atalifunga kamba na kulikingia magurudumu kwa mbao. Kisha akasema kuna mfanyabiashara wa mbao pale Kericho mwenye jukwaa kama hilo. Angelishushia hapo, halafu tutafute mtu wa kuliendesha mpaka nyumbani.

Joel akakataa. Alitaka gari lifike langoni likiwa halijakanyaga tope, ili mzee wa ukoo alibariki likiwa safi kama lilivyonunuliwa. Unajua sisi na kupokea vitu. Ng'ombe wa kwanza akiingia, bibi arusi akiingia, hata mtoto akitoka shule na cheti, lazima langoni kuwe na watu na maziwa. Nami nilinyamaza, kwa sababu moyoni nilitaka hivyohivyo. Nilikuwa nimeshaona majirani waliocheka wakisimama kando ya njia.

Basi siku ikafika. Asubuhi nilisafisha kibuyu, nikatayarisha mursik, maziwa yetu yale ya mgando yanayolazwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa ndani. Vijana walikata sinendet, ule mmea wa kutambaa tunaowavisha washindi, wakauzungusha lango lote. Chebet nilimkalisha kwenye kiti nje ya mlango, na nguo ya kanisani, apate kuona. Mzee arap Tonui, ndugu wa baba mkwe wangu, alikuja na fimbo yake na koti la mvua. Alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa pia mtu wa kuitwa penye baraka. Aliweza kuomba kwa jina la Yesu na kunyunyiza maziwa kwa pumzi moja, na hakuna aliyeona shida.

Lori likafika alasiri, mawingu yamekwisha kuwa meusi upande wa Nyamira. Watoto wakapiga kelele. Kina mama wakaanza kuimba. Kamau akafungua turubai, na gari lilikuwa hapo juu, jeupe, linang'aa, halina hata tone la tope. Joel aliondoa kofia. Wimbo ukaenda mpaka ukaisha, ukaanzwa tena, ukaisha tena. Kila mtu alikuwa akitazama juu, na polepole kila mtu akaelewa kwamba gari liko juu, usawa wa kifua cha mtu mzima, na chini yake kuna mteremko wa udongo mwekundu.

Hatukuwa tumefikiri. Watu wazima wote wale! Tulifikiria kupakia, tulifikiria kamba, tulifikiria maziwa.

Vijana hawakukosa la kufanya. Mmoja akaleta shoka, wakakimbilia miti ya blugamu iliyokuwa mpakani mwa shamba, wakaangusha miwili, wakaiegemeza kwenye lori kama ngazi. Kamau alitikisa kichwa, akasema miti ya mviringo itabingirika, gari litalala ubavu. Joel akamwambia tutaishika. Aibu ilikuwa imemshika, maskini, mbele ya watu, na matone ya kwanza yameanza kuanguka. Nilimtazama Chebet pale kwenye kiti. Hatukuwa na gari la pili, mwanangu, wala cha kuuza ili tupate la pili. Likianguka hapo, ilikuwa mimi na mgongo wangu tena, na mgongo wangu ulikuwa umekwisha.

Joel akamgeukia Mzee arap Tonui, akampa kibuyu, akamwomba abariki haraka kabla mvua haijaja, ndipo washushe. Mzee akakipokea kibuyu. Hakukifungua. Akamwambia Joel taratibu, kila mtu akisikia:

"Mimi sibariki kitu kikiwa hewani. Mlimwambia Kamau hii gari aitoe wapi na ailete wapi. Nani alimwambia itashuka na nini?"

Joel akainamisha kichwa. Mzee hakumwacha hapo. Akamwekea mkono begani, akamuuliza kama amewahi kuona dume la ng'ombe likirushwa kwenye lori. Joel akasema hapana. Basi wanapandia wapi, mzee akauliza. Na Joel, na mimi, na kila mtu pale, tukajibu pamoja kama watoto wa shule: sokoni Chepilat.

Ile ngazi pana isiyo na vidato, mteremko wa mawe na udongo, unaijua, wanakosukumia ng'ombe siku ya soko. Imejengwa kufikia kimo cha sakafu ya lori. Tuliipita kila wiki ya maisha yetu.

Kamau alipanda lorini akicheka mpaka akaegemeza kichwa kwenye usukani. Lori likageuzwa, mzee akapanda mbele na kibuyu chake mapajani, sisi wengine tukafuata kwa miguu tukiteleza. Na kweli tulipita mbele ya majirani wote, gari likiwa bado juu, likirudi lilikotoka. Walisema waliyosema.

Pale sokoni Kamau alirudisha lori mpaka likagusa ile ngazi, wakaziba pengo kwa mbao, wakafungua kamba. Mvua ilikuwa inanyesha sasa, na mavi ya ng'ombe ya juma zima yalikuwa yamelowa. Kamau akaingia kwenye gari, akaanza kulirudisha nyuma polepole. Gurudumu moja likateleza. Gari likaelekea pembeni kidogo, likasimama. Nilifumba macho, nikasikia sauti ya mzee ikiamuru vijana walete nyasi kavu zilizokuwa chini ya kibanda, wazitandaze chini ya gurudumu, wasiharakishe. Alikuwa anaongea na Kamau kama anavyoongea na ng'ombe mwoga. Nilipofumbua macho gari lilikuwa chini, magurudumu yote manne ardhini, limepakwa mavi mpaka madirishani.

Joel alikaa kwenye jiwe akalia kama mtoto. Mimi nilicheka, nikacheka, nikashindwa kuacha. Nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi, kama siku nilipojifungua. Na hapo, katikati ya soko tupu, Mzee arap Tonui akafungua kibuyu, akaomba, akanyunyiza. Mtu akamwambia gari limechafuka. Akasema limeingia kwa njia ya ng'ombe, na yeye hajui njia iliyo bora kuliko hiyo ya kuingia nyumbani.

Kamau aliliendesha mpaka langoni. Tukamweka Chebet kiti cha mbele na nguo yake ya kanisani. Akanusa, akanitazama kwa mshangao.

"Mama," akasema, "hii gari inanuka kama sisi."

Wiki hiyo, tukiendeshwa na kijana wa jirani, alikwenda hospitalini, na wiki iliyofuata, na hakukosa tena. Siku alipovuka chumba cha mazoezi akishika ukuta tu, Joel alikuwa ameshajifunza kuendesha, na ni yeye aliyeturudisha, akipiga honi njia nzima.

Basi mwanangu, unapozungumza na mtu wa lori, muulize bei na siku, sawa, lakini kwanza tafuta mahali pa kushushia. Nenda ukapaone kwa macho yako. Na nasema gari kwa sababu ndilo ulilonunua. Nimesikia pia una msichana unayetaka kumleta nyumbani, na umeshafikiria sherehe. Umefikiria mahali atakapokanyaga siku ya pili, wageni wakishaondoka? Usinijibu sasa. Kunywa chai.

Na utakapopita sokoni, ukiona ile ngazi, isalimie kwa niaba yangu. Mungu akutangulie barabarani, akupe watu wa kukwambia ngoja, na kila unachokileta nyumbani kishuke polepole mpaka kiguse ardhi.