Supu ya Mama Mkwe na Bomba la Ploti

Njoo karibu nikusimulie, na ukitaka kucheka cheka tu, maana ploti yetu nzima ya nyumba za kupanga hapa Voi ilishanicheka kabla yako.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, kueleza ndiyo kazi yangu, lakini jambo moja dogo la kumweleza mama mkwe lilinishinda. Alishuka kutoka Bura nilipojifungua, akawa ananipikia supu ya mifupa yenye tangawizi na pilipili manga asubuhi na jioni, mafuta yameelea juu hadi huoni chini ya bakuli (kwake, mama anayenyonyesha asipong'aa midomo hajatunzwa). Sasa, mtoto tulimpa jina la marehemu babu yake, Mwakio, mume wa mama mkwe, ambaye alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, nami nilikuwa nimesoma kwamba aina ya mafuta anayokula mama hufika kwenye maziwa yake, na huenda ikachangia namna mwili wa mtoto utakavyomudu sukari na mafuta akikua (huenda, nasema, mengi yamejaribiwa kwa panya, bado wanachunguza). Nikaogopa. Badala ya kusema, nikawa naingia bafuni na bakuli, namwaga supu yote kwenye tundu la bomba la maji machafu, natoka nikipangusa midomo na kusifu upishi, naye kesho yake anaongeza mafuta. Akili gani hiyo, jamani?

Jumamosi akina mama wa kanisa wakaja kumwona mtoto. Wameketi uani, wameanza tu wimbo, maji machafu yakarudi kutoka bafu zote na kupita chini ya viti vyao. Wapangaji wakamgeukia jirani yangu Wakesho, ambaye pia ana mtoto mchanga, eti ametupa pampas chooni, na mimi (aibu hii bado inaniwasha) nikanyamaza. Fundi akaitwa, akasukuma waya, akavuta donge jeupe refu la mafuta yaliyoganda, nene kama mkono, linanuka tangawizi na pilipili manga.

"Nani hapa ana bucha?" akauliza.

Mama mkwe aliinama, akanusa, akanitazama.

"Mama Mwakio, kumbe ni bomba lililokuwa linanyonyesha."

Wageni walicheka hadi wakashikana mabega. Nikamwomba Wakesho radhi mbele ya wote, kisha nikaeleza yote nikiwa nimesimama kwenye maji yale: maziwa, mafuta, mguu wa babu. Mama mkwe peke yake hakucheka.

"Kile kidonda nilikiosha mimi," akasema polepole. "Ungeniambia, mafuta hayo ningeyaengua mwenyewe."

Nilisafisha ua peke yangu hadi jioni, na sitarudia. Wewe unayenyonyesha, endelea kunyonyesha, na mafuta yako yatoke zaidi kwenye samaki, njugu na parachichi. Ukiletewa supu ya mafuta mengi, mwambie aliyeipika unachohofia. Kisha iache ipoe, mafuta yagande juu, yaengue kwa kijiko, yatupe kwenye pipa la taka, upashe moto iliyobaki, unywe.