Mpima Mvua wa Siamuloongo Angali Anaandika Sifuri

Bina Mazuba anaapa kwamba aliona kwa macho yake mawili. Mvua ya mwisho iliponyesha hapa kijijini Siamuloongo, mwezi wa tatu, jirani yake aliipima, akaiandika kwenye daftari, kisha akaimwaga chini kama maji ya kuoshea vyombo.

"Mvua gani itarudi mahali inapomwagwa?" anauliza. "Ungekuwa wewe, ungerudi?"

Jirani anayesemwa ni Nchimunya Siabbuku, mama wa watoto wanne, mwenye miaka arobaini na mmoja. Saa mbili kamili asubuhi anafungua kijilango cha waya na kuinama juu ya kipimamvua. Amefanya hivi kila siku kwa miaka kumi na sita, hata asubuhi aliyomzika mumewe.

Anatoa chupa ya ndani, anaiinua usawa wa jicho. Leo ina maji.

Anatazama chini. Vumbi ni lile lile, na alama za kwato za mbuzi wa jana bado zimechapika vilevile.

"Bina Mazuba!" anaita bila kugeuka. "Njoo hapa, mtani wangu mchawi!"

Koo zao ni za utani, kwa hiyo matusi hayahesabiwi. Bibi huyo wa miaka sitini na minane anakuja polepole, kikombe cha bati bado kiko mkononi.

"Nimerudisha," anasema. "Wewe uliimwaga, mimi nimerudisha. Kikombe kimoja tu."

"Maji ya kunywa?"

"Ulitaka nitie mkojo wa mbuzi?"

Nchimunya anacheka mpaka anashika nguzo. Kisha kicheko kinakatika. Kikombe hicho kimetoka mbali. Mto umebaki mchanga mtupu, na wanawake hutoka alfajiri kwenda kufukua shimo linalommeza mtu mpaka mabegani, halafu huketi kando yake wakisubiri maji yajikusanye.

Anarudisha maji kikombeni. Bina Mazuba anakunywa nusu, nusu anampa yeye. Daftarini Nchimunya anaandika sifuri.

Kazi hii haina mshahara. Ofisi ya hali ya hewa ilimpa chombo, daftari, na vocha ya kutuma namba moja kwa simu kila asubuhi. Mara nyingi namba yenyewe ni hiyo hiyo.

"Watu wanadhani sifuri si kazi," anasema. "Ukiacha mstari mtupu, kule mjini wanajua ulilala. Ukiandika sifuri, wanajua tulingoja."

Zamani siku ya kupanda ilitoka kwa wazee, baada ya tambiko la mvua. Siku hizi hata wazee hutuma mtu kwa Nchimunya kwanza. Misimu mitano mfululizo alisema na ikawa.

Novemba ya mwaka jana zilinyesha milimita thelathini na moja kwa siku moja. Asubuhi watu walimjia na majembe mabegani. Tupande? Akawaambia pandeni.

Zikafuata sifuri thelathini na nne. Mahindi yalikauka yakiwa usawa wa goti. Yeye mwenyewe, aliyezoea kuvuna magunia kumi na manne, alipata mawili. Nyumba nyingi sasa zinapika mara moja kwa siku, na siku nyingine chakula ni uji wa ukwaju uliotiwa majivu kupunguza ukali.

"Yangu kufa, nimevumilia," anasema. "Yao yalikufa kwa neno langu. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana."

Mwaka huu redio ilisema mvua zitaanza wiki ya tatu ya Novemba. Wiki ya tatu imepita. Jana jioni mawingu yalipanda kule mbali upande wa ziwa, radi ikasikika mara mbili, kisha upepo ukayasukuma kwa wenzetu wa ng'ambo. Leo upepo umegeuka, na una harufu ya udongo uliolowa mahali fulani.

"Harufu ipo," Nchimunya anasema, pua juu. "Lakini harufu haina mahali pake daftarini."

Shamba lake ameshalisafisha. Anachotamani si kikubwa, anasema. "Niamke nikute chupa imefurika mpaka nishindwe kupima. Nikosee kwa sababu ni nyingi mno. Kosa hilo watanisamehe."

Bina Mazuba amekwenda kwake na kurudi. Safari hii amebeba debe la mbegu za mtama, la mwisho alilonalo. Wajukuu watatu wanalitegemea. Akifukia leo kwenye vumbi na mvua ikaja, mtama utainywa tangu tone la kwanza. Isipokuja, kanga watafukua zote, na hatakuwa na kingine cha kupanda. Akingoja, ardhi inaweza kulowa mara moja tu, akakosa.

Analiweka chini kati yao. Utani umekwisha usoni.

"Ya redio nimesikia. Ya mjini nimesikia. Hayo usiniambie tena. Niambie yako wewe. Nifukie leo, au ningoje?"

Nchimunya anatazama upande wa ziwa. Wingu limesimama pale, jeusi chini, jeupe juu, haliji wala haliondoki.

"Mwanangu," anasema Bina Mazuba. "Nakuuliza."