Ibara ya Robine ya Vulamba

Redio ilikuwa inazungumzia katiba tangu asubuhi, kama kila siku mwaka ule. Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, alikuwa barazani kwangu Vulamba akichambua maharagwe. Aliniuliza katiba ya nchi inabadilishwaje.

Nilisoma sekondari, kwa hiyo nilimjibu bila shida. Rais, serikali, bunge, seneti, au raia laki moja kwa sahihi zao, wanaweza kuomba ibara irekebishwe. Wabunge na maseneta wanapima kama ombi lina msingi. Kisha raia wanapiga kura, isipokuwa rais akilipeleka mbele ya mabunge mawili pamoja na sehemu tatu kwa tano zikakubali. Sababu? Nchi inabadilika, pengine pia mtu hataki kuachia kiti. Hesabu ya mihula ya rais imefungwa kabisa, haibadilishwi. Tena, wakati wa vita, au wa hali ya dharura kama hii iliyotangazwa kwetu, hairuhusiwi kugusa ibara yoyote.

"Juu ya nini?"

"Watu wengine wamekimbia. Hawawezi kukusanyika wote."

Alitoa kijiwe katika maharagwe, akakitupa uani. "Donc yenu mulibadirisha mu vita gani, shemeji?"

Alikuwa anasema juu ya robine, bomba la kuchotea maji la mtaa wetu. Kanuni za kamati ya maji zilimpa mwenyekiti mihula miwili, basi. Nilimaliza yangu, na shemeji, makamu wangu, ndiye aliyengojewa na wanawake waliochota pale ashike nafasi. Nikajiambia kwamba bila mimi mabomba yatapasuka. Niliita mkutano wakati wa kupanda, akina mama wakiwa mashambani Kalunguta, ambako wanalala mpaka kazi iishe. Sisi wanaume tulipiga makofi, ibara ya mihula ikaondoka. Mabomba yalipasuka hata hivyo, mimi nikiwa mwenyekiti.

Miaka ilikuwa imepita, na bado nilikuwa mwenyekiti. Nilimwambia tuirudishe ibara siku ileile. Majirani kadhaa walikuwa nyumbani kwao, wangetosha.

"Hapana! Tungojee benye kuwa ku mashamba. Ama munaogopa bamama?"

Tukangoja. Jumapili waliporudi, baada ya misa, watu walijaa kuzunguka robine. Nilisema wazi kwamba nilibadilisha kanuni kwa faida yangu, nikaacha uenyekiti. Ibara ilirudi, hakuna aliyepinga. Kisha wakachagua mwenyekiti. Akina mama waliomngojea shemeji, wengine walikuwa wamehamia Beni, wengine wamekufa, na mabinti zao walimjua kama bibi tu. Walimchagua mwanamke wa rika lao.

Shemeji alipiga makofi pamoja na wote. Tukiwa njiani kurudi nilimwomba msamaha.

"Ibara mumerudisha," alisema bila kusimama. "Lakini mimi nilikuwa na nguvu wakati ule."