Mlango wa Baba Mkwe

Nakumbuka siku lori la mawe lilipopanda mlima wa Kibirichia kuja kwetu, likinguruma mpaka kuku wakajificha chini ya ghala la viazi. Mwanangu, nilikimbia mbele yake kama mtoto, leso imenidondoka, nikimwonyesha dereva njia ambayo tayari alikuwa anaiona. Utingo alinipigia kelele nitoke barabarani. Sikujali! Nyumba yetu ya mbao ilikuwa inaongezwa vyumba, tena vya mawe.

Mimi na mume wangu Mutwiri tulikuwa bado vijana. Viazi vilikuwa vimekubali vizuri msimu ule, na stima ilikuwa imefika kwetu. Kitu cha kwanza tulichonunua kilikuwa friji. Tuliiweka sebuleni, mahali ambapo kila mgeni angeiona, nikaifunika kitambaa nilichofuma kwa mikono yangu. Majirani walikuja kuifungua tu waione taa yake ikiwaka. Mmoja akauliza kama taa ile huzimika mlango ukifungwa, tukabishana mchana kutwa. Nyinyi mnacheka, lakini raha ile siwezi kuieleza ikaisha.

Hata hivyo, vyumba vya mawe havikuwa vya kujionyesha peke yake. Baba mkwe wangu, mzee M'Arimi, alikuwa amefiwa na mkewe, akabaki peke yake katika nyumba yake kuukuu chini ya shamba. Mbao zake zilikuwa zimeachana, upepo unapita utakavyo, na baridi ya Julai huku kwetu si ya mchezo. Mzee alikuwa anakohoa. Asubuhi moja tulimkuta ameanguka kwenye njia ya kwenda zizini, hawezi kuinuka. Mutwiri akasema ni lazima aje akae nasi kabla baridi haijaanza, nami nikakubali kwa moyo wote. Nilimpenda mzee yule, na niliogopa kumpoteza.

Basi tukajenga. Fundi wetu alikuwa ametoka kujenga mjini Meru, akatuchorea nyumba ya kisasa. Katikati palikuwa na korido, chumba chetu upande huu, chumba cha mzee upande ule, na mwisho wa korido choo na bafu la ndani, la kutumiwa na wote. Choo cha ndani, mwanangu! Hakuna jirani aliyekuwa nacho. Siku kilipomalizika nilikuwa navuta maji kila mara nisikie mlio wake tu, mpaka Mutwiri akaniuliza kama nina tumbo la kuendesha.

Siku ya kumkaribisha mzee nilichinja jogoo na kuponda mukimo wa viazi na mahindi. Alikuja na kofia yake nzuri, akanywa chai, akagonga kuta kwa bakora na kuzisifu. Nikamwonyesha kitanda chake chenye godoro jipya. Kisha, kwa mbwembwe zote, nikafungua mlango wa choo na kuvuta maji mbele yake. Mzee akatazama. Akageuka akautazama mlango wa chumba chetu, uliokuwa pale pale karibu. Akavaa kofia yake.

"Mmejenga vizuri sana," alisema. "Sasa wacha mimi niende nikafunge ng'ombe."

Ng'ombe wake alikuwa amefungwa tangu asubuhi. Aliteremka polepole kwa bakora yake, na hakurudi. Tukituma mtu kumwita, anasema atakuja. Baridi ikaanza, na kikohozi chake tukakisikia hadi jikoni kwetu. Mimi, unanijua, hasira zangu ziko karibu. Nilisema kama nyumba yangu haimtoshi basi abaki na upepo wake, kisha nikaingia chumbani nikalia, kwa sababu sikumaanisha hata neno moja.

Wakati wa kuchimba viazi akaja shangazi Kajuju, dada yake mzee, kutusaidia. Nikamwaga malalamiko yangu yote pale shambani. Akacheka mpaka akaegemea jembe. Halafu akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipochapwa kwa maneno.

"Wewe mama Kendi, si umezaliwa hapa hapa Meru? Ulishaona wapi mzee anatoka kuoga na taulo anakutana na bibi ya kijana yake kwa korido? Kaka yangu heri alale na hiyo baridi imuue, lakini hawezi kujisaidia mahali wewe unasikia."

"Lakini shangazi, angesema!"

"Aseme nini? Na hiyo neno mzee anaitoa kwa mdomo aje, mbele yako? Ulimuuliza kabla mjenge, ama uliuliza fundi peke yake?"

Uso ulinichoma. Nilikuwa nimeuliza fundi peke yake. Na hayo aliyoyasema niliyajua tangu utotoni. Kila msichana wa kwetu anajua heshima iliyopo kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, na ndiyo maana wazee wetu walijenga nyumba mbalimbali katika boma moja. Nilivutwa na mchoro, nikasahau watu.

Niliacha viazi chini. Nilipanda nyumbani na matope yangu miguuni, nikachukua nyundo kubwa, nikaanza kuupiga ukuta wa nje wa chumba cha mzee. Mutwiri akaja mbio.

"Ukuta mpya, mama Kendi? Unabomoa?"

"Shika nyundo ile nyingine!"

Akanitazama, akaelewa, akaishika. Loo, siku ile! Vumbi, kelele, watoto wanashangilia, fundi ameitwa na anashika kichwa. Tuliuziba mlango wa ndani kwa mawe. Upande wa nje tukatoboa mlango mpya, na pembeni yake tukaanza choo na bafu la mzee peke yake. Kelele zikamfikia mwenyewe kule chini, akapanda kuja kuona.

"Mnabomoa nini?"

"Tunakutafutia mlango, Baba," nikasema, nikiangalia chini.

Aliutazama ukuta uliotobolewa. Kisha bakora ikainuka, ikaonyesha kando.

"Msiuweke hapo. Hapo upepo ya mlima inaingia. Leteni huku, niwe naona ng'ombe yangu."

Kuanzia hapo alikuwa msimamizi wetu. Alikuwa akifika kabla ya fundi, akakataa dirisha moja, akaongeza jingine, akadai sehemu ya kuotea moto ingawa stima ilikuwepo. Alihamia na kigoda chake, blanketi na redio, na ng'ombe tukamjengea zizi mbele ya mlango ule.

Asubuhi ya kwanza nilimpelekea chai. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nisukume mlango, maana nyumba ni yangu, kisha nikajizuia. Nikasimama nje, kikombe kinatoa mvuke, nikapiga hodi.

"Karibu kwangu, mwari wakwa," akajibu kutoka ndani.

Binti yangu, ndivyo alivyoniita. Na alisema kwangu. Sijawahi kufurahi namna ile, mwanangu, si kwa friji, si kwa lori. Mzee alikaa nasi miaka mingi, na kikohozi kilipungua.

Sasa naona nyinyi mnanionyesha picha za nyumba kwenye simu, na nafurahi nanyi, wallahi nafurahi! Nunueni ploti, nunueni jiko la gesi na mashine ya kufulia, ongezeni vyumba. Lakini kabla fundi hajachimba msingi, keti na kila atakayeishi humo. Umuulize atapitia wapi, ataogea wapi, angependa kuona nini akifungua mlango. Umuulize hasa yule asiyelalamika, na umuulize ukiwa na nafasi ya kubadilisha. Kama kuna jambo ambalo heshima inamzuia kukuambia, mtume shangazi.

Nenda ukajenge, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akushibishe, akulinde na ugomvi wa mipaka. Na kila atakayezeeka chini ya paa lako, Mungu amjalie aseme "kwangu" bila kusita.